Sakafu bora Msuka: Ardhi kwanza, vigae baadaye

MSIMU wa karafuu unapokwenda vizuri kisiwani Pemba, dalili zake huonekana haraka kwenye nyumba. Mabati mapya huezekwa mahali pa makuti, madirisha hubadilishwa na maboksi ya vigae hupakiwa kwenye gari kutoka Wete na Chake Chake kwenda vijijini. Katika shehia za Msuka Mashariki na Msuka Magharibi, wilayani Micheweni, sakafu ya vigae ni miongoni mwa mambo ambayo familia nyingi hutamani kukamilisha.

Hata hivyo, karafuu haizai sawasawa kila mwaka. Baada ya msimu mkubwa, mikarafuu inaweza kupumzika na mapato kushuka sana. Kwa hiyo vigae vinavyobanduka baada ya masika mawili ni hasara kubwa kwa mkulima, kwa kuwa fedha ya kuvirudia inaweza isipatikane kwa miaka kadhaa.

Katika hali nyingi kasoro haiko kwenye kigae, iko chini yake. Ndiyo maana swali la kwanza la mwenye nyumba lisiwe ni rangi gani anunue, bali ni ardhi gani nyumba yake imekalia.

Kazi ya sakafu Pemba

Sakafu ya nyumba ya Pemba hubeba mengi. Watu huvua viatu mlangoni, hula wakiwa wameketi kwenye mkeka, watoto hucheza na kulala chini, na wageni wa arusi au wa msiba hukaa chini kwa makumi. Kwa mkulima, chumba hichohicho huweza pia kuwa ghala la magunia ya karafuu na mpunga.

Upo pia upande wa afya. Nchini Mexico, serikali iliendesha mpango ulioitwa Piso Firme wa kumimina saruji katika nyumba za watu maskini zenye sakafu ya udongo. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa pale sakafu yote ya udongo ilipobadilishwa, maambukizi ya minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Sakafu hizo hazikuwa za vigae. Zilikuwa za zege la kawaida.

Tafsiri yake kwa mkulima ni kwamba faida kubwa hupatikana katika hatua ya kutoka kwenye udongo kwenda kwenye sakafu ngumu na kavu. Kigae ni nyongeza ya usafi na uzuri.

Ijue ardhi yako

Wakulima wa Zanzibar wana majina yao ya udongo, na majina hayo humsaidia mjenzi kama yanavyomsaidia mpandaji.

Kichanga hupitisha maji haraka na hakivimbi, hivyo ni ardhi rafiki kwa sakafu. Kasoro yake ni kukimbia pembeni. Kinahitaji kuzungukwa na msingi imara, kumwagiwa maji na kushindiliwa vizuri kabla ya zege.

Kinongo, udongo mwekundu wa mashambani, hushindilika vizuri ukiwa na unyevu wa kiasi. Kosa linalofanyika ni kujaza kina chote kwa mara moja na kushindilia juu tu. Kinatakiwa kijazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe peke yake.

Kinamo, udongo mzito wa mabondeni kwenye mpunga, ndio wenye matatizo zaidi. Huvimba masika na kupasuka kiangazi, na sakafu iliyo juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Aliyejenga karibu na bonde anashauriwa kuchimba na kuondoa angalau sentimita 30 za udongo huo, ajaze kifusi cha mawe au kichanga, kisha aweke wavu wa chuma ndani ya zege.

Maweni, yaani ardhi ya matumbawe kama ile ya upande wa Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, ni ngumu lakini haiko sawa. Jiwe likichomoza, zege huwa jembamba juu yake na hapo ndipo ufa huanzia. Ncha za mawe zivunjwe, mashimo yazibwe, na tabaka la kifusi litandazwe ili zege liwe na unene mmoja chumba kizima.

Kwa ardhi yoyote, kifusi kisichanganywe na makumbi ya nazi, mizizi wala takataka. Vitu hivyo huoza, huacha uwazi chini ya zege na kuwaita mchwa.

Mpangilio wa tabaka

Sakafu ya chini hupangwa hivi: ardhi iliyosafishwa, kifusi kilichoshindiliwa, mchanga mwembamba wa kusawazisha, karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu, zege, lipu ya sakafu, na mwisho kile kinachoonekana. Nailoni hurukwa mara nyingi kwa sababu haionekani kazi ikishakamilika. Katika kisiwa chenye mvua nyingi kama Pemba, kuiacha ni kukaribisha maji yapande kutoka ardhini mwaka hadi mwaka.

Mchanga wa pwani nao ni wa kuepukwa. Chumvi iliyomo huvuta unyevu, hutoa unga mweupe juu ya sakafu na kula chuma kilichomo ndani ya zege. Aidha, kuuchota kunaharibu fukwe, na uchimbaji wa mchanga Zanzibar unahitaji kibali.

Zege likishamiminwa linyweshewe maji kwa siku 7 na lisikaushwe na jua. Baada ya hapo huanza kazi ya kukauka, ambayo ni tofauti na kukomaa. Kwa hali ya hewa nzuri, hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Sakafu inaweza kuwa ngumu ya kutembelewa huku bado ina maji mengi ndani.

Mababu wa pwani hawakuwa na saruji, lakini waliijua kanuni hii. Msuka Mjini kuna magofu ya msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 816 Hijria, sawa na 1413 au 1414. Wajenzi wa mawe na chokaa walitandaza chokaa kwa tabaka, wakaiponda kwa magongo kwa siku kadhaa na kuipa muda wa kushika.

Nyumba iliyokwisha kujengwa

Mwenye sakafu ya zamani asikimbilie kuifunika. Kuna majaribio manne yasiyo na gharama.

La kwanza ni kugonga kwa kipande cha mti. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na zege na lazima ichongolewe. La pili ni kulaza ubao ulionyooka wa mita 2. Uwazi chini yake ukizidi milimita 5, sakafu isawazishwe kwanza. La tatu ni kubandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa mita 1, kingo zake zikiwa zimezibwa kwa gundi ya karatasi, kwa saa 24. Ikionekana jasho upande wa chini au saruji imegeuka rangi, unyevu bado unapanda. La nne ni kuweka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa. Ufa ukivuka alama baada ya miezi michache, ardhi bado inatembea na kigae chochote kitapasuka hapo hapo.

Nyumba ya fito na udongo inahitaji tahadhari ya pekee. Ukimimina zege na nailoni katikati ya kuta za udongo, unyevu uliokuwa ukitokea sakafuni hutafuta njia nyingine na kupanda ukutani, na kitako cha ukuta huanza kumomonyoka. Kabla ya kumimina, mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba, paa lirefushwe ili matone yaanguke mbali na ukuta, na kitako cha ukuta kiimarishwe kwa mawe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Chaguo la juu

Saruji iliyopigwa niru ndiyo nafuu kuliko zote na hurekebishika kirahisi. Inafaa kwa chumba cha kuhifadhia mazao, jikoni, na kwa ardhi ambayo bado haijatulia, kwa kuwa ufa wake huzibwa bila kubomoa chumba.

Vigae vinafaa pale tu sakafu ilipofaulu majaribio yote manne. Vilazwe kwenye udongo wa saruji au gundi iliyotandazwa chini yote, si kwa matonge matano pembeni na katikati. Matonge huacha uwazi, na mguu wa kitanda ukikaa juu ya uwazi huo kigae huvunjika. Iachwe nafasi ya milimita 5 hadi 10 ukutani, ambayo hufichwa na kigae cha kitako cha ukuta. Chooni, uwani na pa kutawadhia vitumike vigae vya kukwaruza. Vinavyong'aa huangusha wazee.

Zulia la plastiki ni rahisi na hutandikwa kwa siku moja, lakini huficha unyevu badala ya kuuondoa. Likitandikwa juu ya sakafu yenye maji, huota ukungu na kunuka. Linafaa kwenye sakafu kavu pekee.

Kwa asiye na uwezo wa saruji, ambayo huvuka bahari kabla ya kufika Pemba na kubeba nauli hiyo katika bei yake, ipo njia ya udongo ulioboreshwa. Nchini Rwanda, kampuni ya EarthEnable ilianza mwaka 2014 kutengeneza sakafu za udongo uliochaguliwa, kushindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka na kuwa gamba lisilopitisha maji. Baadaye iliingia Uganda. Mbinu hiyo hutaka kiwanja kikavu na kilichoinuka, mabondeni haifai.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 4, yaani mita za mraba 12. Kifusi cha sentimita 15 ni mita za ujazo 1.8 baada ya kushindiliwa, hivyo nunua kama 2.3. Zege la sentimita 7.5 ni mita za ujazo 0.9. Kwa mchanganyo wa 1:3:6, unaotosha kwenye kichanga na kinongo, itahitajika mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Kwa mchanganyo wa 1:2:4, unaofaa penye kinamo, mifuko 6. Lipu ya sentimita 3 kwa mchanganyo wa 1:4 ni mifuko 3. Vigae vya sentimita 40 kwa 40 ni 75. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika njiani, jumla 83. Vinunuliwe kwa mara moja, kwani rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, tabaka za chini zinagharimu sh 200,000 na vigae pamoja na ufundi sh 350,000. Anayefanya yote hutumia sh 550,000. Anayeruka tabaka za chini hutumia sh 350,000 na kujiona amepata nafuu. Vikibanduka, atalipa sh 50,000 za kubomoa na sh 550,000 za kuanza upya. Jumla itakuwa sh 950,000. Mwenye fedha ya vigae peke yake bado hana fedha ya sakafu.

Kazi ifuate msimu

Kwa kuwa fedha huja kwa vipindi, kazi nayo igawanywe. Fedha ya msimu wa kwanza ijaze kifusi, imimine zege na kupiga niru. Familia ihamie na kuitumia. Masika ya Machi hadi Mei yatakuwa mtihani: yataonyesha ufa, unyevu na mahali panapozama. Katika miezi mikavu baada ya mvua, kasoro zirekebishwe. Vigae vinunuliwe kwa fedha ya msimu unaofuata, juu ya sakafu iliyokwisha kuthibitika. Na msimu ukiwa mbaya, familia itakuwa na sakafu safi ya saruji, si maboksi ya vigae yaliyorundikwa kwenye kona ya chumba cha udongo.

Sakafu na karafuu

Sakafu nzuri isimshawishi mkulima kuanika karafuu juu yake. Karafuu zianikwe kwenye majamvi juani, mbali na vumbi. Magunia nayo yasilazwe moja kwa moja kwenye saruji, hata ikiwa na vigae, bali juu ya mbao zilizoinuliwa na mbali kidogo na ukuta. Karafuu ikivuta unyevu huvunda, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hununua kwa madaraja. Gunia likishuka daraja, mkulima hupoteza sehemu ya fedha ambayo ingelipia chumba kinachofuata.