Hewa ya Nyumba Yataka Mahali pa Kutokea

Nyumba nyingi za Kindu siku hizi zimeezekwa kwa mabati. Twayapenda, kwa maana hayaozi kama nyasi wala hayashiki moto. Lakini mji wetu uko kando ya mto Lualaba, karibu nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Jua ni kali na hewa imejaa unyevu, hata jasho halikauki upesi mwilini. Basi mchana chumba kilicho chini ya bati huwa kama tanuru, na usiku watoto hugeukageuka kitandani wasipate usingizi. Ndipo baba mwenye nyumba asemapo: “Tukipata fedha tutanunua mashine ya kupoza hewa.”

Baba mpenzi, kabla ya kutoa fedha, itazame kwanza nyumba yako. Mara nyingi kasoro ni ndogo, nayo yaweza kutengenezwa bila gharama kubwa.

Twaa chupa tupu ujaribu kupuliza ndani yake. Pumzi yako hairidhiki kuingia, kwa sababu haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni kama chupa hiyo. Bali kikiwa na madirisha mawili yanayoelekeana, upepo huingia huku na kutoka kule. Sasa mtu akirundika masanduku mbele ya dirisha moja, lile la pili nalo hupoteza nguvu. Kumbe masanduku machache yameharibu kazi ya madirisha mawili! Tena tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko lile la kuingilia.

Jambo la pili: hewa ya moto hupanda juu. Isipopata njia hukaa chini ya paa, na joto lake huwashukia walio chini. Yafaa kuacha matundu juu ya ukuta, karibu na paa, na kuyafunika kwa wavu kwa ajili ya mbu. Dari ya mbao au ya mikeka huzuia joto la bati, na mti wenye kivuli upande wa magharibi hulinda ukuta na jua la alasiri.

Nanyi wanafunzi, fungeni uzi mwembamba penye kila dirisha, mkautazame. Uzi usiocheza wakati wa upepo waonyesha mahali palipozibwa.

Hata wenye mashine hawakuepuka kanuni hii. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier aliunda mtambo wa kupunguza unyevu katika kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba. Mashine za leo huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuikausha, kisha hutupa joto nje. Kichujio kikijaa vumbi, hewa haipiti vema. Ufa chini ya mlango ukiingiza hewa ya nje, mashine hufanya kazi bure. Na katika nyumba ambamo mtambo mmoja hupeleka hewa vyumba vingi, chumba kisicho na njia ya kuirudisha hewa hubaki na joto, na huku jirani anatetemeka kwa baridi. Umeme huliwa, au petroli ya jenereta, na raha haipatikani.

Wengine huziba kila tundu kwa kuogopa wezi na mbu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini nondo na wavu vyatosha. Tena, angalieni sana: msilale kamwe chumbani pamoja na mbabula yenye makaa ya moto, wala msiwashe jenereta ndani ya nyumba. Hutoka hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wangali usingizini.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, alizitaja mashine za kupoza hewa kuwa mfano wa mazoea ya kutumia vitu kupita kiasi. Mgonjwa akihitaji ubaridi, na apewe. Lakini si haki fedha ya karo au ya dawa ipotee kwa ajili ya tundu lililozibwa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza: usipofungua tundu, utanunua mashine. Jumamosi hii baba, mama na watoto waizunguke nyumba yao pamoja, waondoe kinachoziba, na usiku wazee na wadogo walale kwa amani.