Kompyuta ya Gemu Huanzia Kwenye Umeme

Vijana wanaokuja kwenye duka langu, upande wa Busia ya Kenya, huwa na swali moja: "Fundi, kadi gani itacheza GTA bila kukwamakwama?" Nami huwauliza kwanza wanakaa wapi na umeme wa kwao ukoje. Anayetoka Tororo, Uganda, lazima anijibu. Kumbukumbu za hali ya hewa za 1967 hadi 1976 zinaonyesha kuwa Tororo ilikuwa ikipata ngurumo za radi kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, kiwango kinachotajwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Sisi wa Busia si mbali na hapo, na mawingu ya Ziwa Victoria hayajui mpaka.

Ndiyo maana mimi huanza kupanga mashine kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Wanunuzi wengi hukiacha mwisho, na chenji iliyobaki ndiyo hukinunua. Mzee mmoja wa Tororo aliniletea mashine ya mwanawe iliyokuwa ikizima kila gemu linapopamba moto. Nikakitoa kile kisanduku nikampa akishike. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Ubavuni kimeandikwa 500W kwa herufi kubwa.

"Mzee, soma mstari huu mdogo, wa 12V."

"Ampea kumi na nane."

Ampea 18 mara volti 12 ni wati 216. Huo ndio mstari unaolisha prosesa na kadi ya picha. Ile mistari mingine haivisaidii kitu. "Sasa wati nyingine za ile 500 ziko wapi?" akauliza, na kwa kweli hazikuwepo popote. Mashine ya mwanawe ina kadi ya Radeon RX 6600, inayokula wati 132, na prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo ikibanwa hufika wati 76. Hapo tayari ni 208, na bado hujahesabu madabodi, feni na diski. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandikwa karibu ampea 45 kwenye mstari huo huo, na huwa na alama ya ufanisi ya 80 Plus. Usilipe kabla hujaigeuza ukasoma.

Ongeza na UPS. Ya 1000VA itakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu stima ikikatika, na nyingi husaidia pia umeme unapopanda na kushuka. Lakini radi ni jambo jingine. UPS haiizuii. Ukisikia ngurumo, chomoa waya ukutani, na waya wa intaneti pia kama unao, kwa sababu nimefungua madabodi zilizoungua kupitia tundu la mtandao wakati pawa saplai ni nzima.

Baada ya hapo tuzungumze kadi. Mwenye shilingi elfu themanini za Kenya, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili za Uganda, atenge theluthi moja au zaidi kwa kadi ya picha. RX 6600 ya mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya 8GB, ndiyo ninayoipendekeza kwa skrini ya kawaida ya 1080p: inacheza vizuri na haina njaa ya umeme. Ya mtumba ni sawa, ila uwe macho. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Nyingine huuzwa kwa jina lisilo lake. Kuna RX 580 zenye vitengo 2,048 vya kukokotoa, ilhali RX 580 halisi ina 2,304. Programu ya bure ya GPU-Z itakuonyesha. Muuzaji akikataa kuiwasha kadi ikicheza gemu kwa nusu saa mbele yako, ondoka.

Prosesa hainisumbui sana. Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, zote zina viini sita na zinatosha. Angalia tu ile herufi F kwenye prosesa za Intel: maana yake haina picha ya ndani, kwa hiyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. RAM iwe 16GB, vipande viwili vya 8GB badala ya kimoja, ili vifanye kazi sambamba. Bei yake imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia akili mnemba, basi usishangae. SSD ya 1TB inatosha. Kasha lolote lenye matundu mbele na feni mbili linafaa, mradi ulipulize vumbi mara kwa mara.

Wapo wanaotaka njia ya mkato: Dell OptiPlex ya mtumba kutoka Uingereza, halafu waongeze kadi. Inawezekana, na kwa mwanafunzi naiunga mkono. Lakini pawa saplai zake ni ndogo na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo chukua kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama zile GTX 1650 zinazotosheka na wati 75 za kwenye tundu. Fahamu pia kwamba zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba haziingii kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu kuvusha vifaa mpakani: ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa China haimo. Pita kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, uliza, na kumbuka VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda. Ukipakia mashine kwenye boda au matatu, chomoa kadi uifunge peke yake, maana mashimo ya barabarani huvunja tundu lake.

Na nunua upande ambao utaweza kurudi. Anayeishi Tororo akinunua Nairobi, kadi ikifa mwezi wa pili, nauli na usumbufu vitakula faida yote aliyoiona kwenye bei. Dai risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana, iandikwe ukiwa umesimama hapo hapo.