Chubwi, Mwangwi na Kina cha Maji

MWALIMU: Fungueni daftari, shikeni kalamu. Leo tutajifunza jinsi wavuvi wa Marekani na Kanada wanavyoongoza chubwi la risasi karibu na sakafu ya ziwa kwa nguvu za umeme.

Wavuvi wa pwani yetu wanaijua bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Kazi ya leo ni ndugu yake bildi.

Ziwa Michigan lina kina cha mita 281 mahali palipo na maji marefu kabisa. Mwaka 1966 samaki aina ya samoni walitiwa katika mito inayoingia ziwani humo, na uvuvi wa mshipi ukakua sana. Yuko na samaki mwingine, trauti wa ziwa. Siku za joto yeye hukaa chini penye baridi. Mshipi unaoburutwa juu juu haumfikii.

Kwa hiyo wavuvi hutumia mashine iitwayo daunriga. Ina mota, gurudumu la kuviringia waya wa chuma, na chubwi la ratili 10, yaani kama kilo 4 na nusu. Mshipi wenye ndoana hubanwa na kibanio karibu na chubwi. Samaki akivuta, kibanio huachia, na mvuvi humvuta samaki bila ule uzito.

MWANAFUNZI: Mwalimu, mashine hiyo itajuaje chini ni mbali kiasi gani?

MWALIMU: Kwa mwangwi. Chini ya chombo kuna kifaa kidogo kinachotoa sauti, kisha kinasikiliza sauti ikirudi. Katika maji baridi ya ziwa, sauti huenda karibu mita 1,450 kwa sekunde moja. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sauti imekwenda mita 145. Lakini hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili. Kina ni mita 72 na nusu.

Daunriga huungwa kwa nyaya za namna mbili. Nyaya nene hutoka katika betri ya volti 12, zikipitia fyuzi, na huleta nguvu. Waya mwembamba huleta habari za kina kutoka kwenye kipima-kina. Mvuvi huiagiza mashine, "Weka chubwi mita 2 juu ya sakafu." Kina kikipungua, mota huvuta waya. Kina kikiongezeka, huuteremsha.

MWANAFUNZI: Basi mvuvi anaweza kukaa akanywa chai?

MWALIMU: Hasha! Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Kifaa cha sauti hupima maji yaliyo chini ya chombo. Chubwi haliko hapo. Chombo kinakwenda, na waya unalala nyuma. Tuseme chubwi liko mita 12 nyuma ya kifaa, na chombo kinakwenda kilomita 4 kwa saa. Chubwi litafika mahali palipopimwa baada ya sekunde 11 hivi.

Ukitoka kwenye maji marefu kwenda mafupi, kukawia huko hukusaidia. Mashine huinua chubwi kabla halijaufikia mwamba. Lakini ukitoka mafupi kwenda marefu, mambo hugeuka. Kifaa kimeona shimo, mashine inateremsha chubwi, na chubwi lenyewe bado liko juu ya mwamba! Hapo hugonga na kukwama.

Chubwi likikwama na chombo kinasonga, waya huweza kukatika. Chombo kidogo huweza kuvutwa tezi, na mawimbi yakaingia ndani. Kwa hiyo, penye miamba, ongeza nafasi kutoka mita 2 hadi 4 au 5. Unapovuka ukingo kwenda kwenye maji marefu, shika mashine kwa mkono, usubiri chubwi lipite. Likikwama, ondoa gia mara moja, legeza waya, kisha rudi taratibu juu ya mahali lilipokwama. Koleo la kukatia waya liwe karibu siku zote.

Kumbukeni: mashine inajua kina cha mahali chombo kilipo. Mahali chubwi lilipo, lazima nahodha apajue mwenyewe.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini tunagawanya kwa mbili tunapopima kina kwa mwangwi?
2. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kina ni mita ngapi?
3. Ni wakati gani chubwi huwa katika hatari zaidi: chombo kinapoingia maji mafupi, au kinapoingia maji marefu? Eleza sababu.