Picha Kifuani, Pasi Mkononi

Kila Mei Mosi viwanja vya Tanzania hujaa tisheti. Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa bandari na wa benki hupita mbele ya mgeni rasmi, kila kundi na sare yake, kaulimbiu ya mwaka ikiwa imeandikwa mgongoni. Tisheti hizo huchapwa kwa mamia, na kazi ya namna hiyo ni ya wenye mashine. Lakini zipo tisheti ambazo hazimlipi mwenye mashine: moja ya mtoto anayetimiza miaka mitano, tatu za marafiki wanaokwenda kumshangilia mwenzao kwenye mahafali, sita za wajukuu wanaotaka picha ya bibi yao kifuani siku ya arobaini yake. Mchapaji anayetumia fremu za wavu akiletewa oda hiyo huuliza kwanza idadi, na ana sababu. Kila rangi ya mchoro inahitaji fremu yake, na kuandaa fremu kwa tisheti moja humchukua muda uleule wa kuiandaa kwa tisheti mia.

Kwa kazi ndogo kama hizo ipo karatasi ya kuhamishia picha, ambayo mafundi wengi huiita transifa. Ukiwa na picha kwenye simu, printa ya wino, pasi ya umeme na tisheti ya pamba, shughuli yote huisha jioni moja mezani nyumbani.

Karatasi yenyewe ina tabaka. Chini ni karatasi ya kawaida, juu yake kuna utando unaoteleza, na juu kabisa kuna plastiki nyembamba inayolainika kwa joto. Printa huchapa picha juu ya hiyo plastiki. Pasi ikikandamizwa, plastiki hulainika na kuzama katikati ya nyuzi za kitambaa, kama nta ya mshumaa iliyodondokea shuka, kisha ikipoa hukamata pale pale na kubaki na wino. Kwa hiyo picha haiingii ndani ya pamba kama rangi ya batiki. Inakaa juu ya kitambaa na kukishikilia, na karibu kila kanuni ya kazi hii, kuanzia kuchagua tisheti mpaka kuifua, inatokana na jambo hilo.

Wazo la kuhamisha mchoro kwa pasi si geni. Katika miaka ya 1870 kampuni ya William Briggs ya Manchester, Uingereza, ilikuwa ikiuza karatasi zenye michoro ya kudarizi: mwanamke aliweka karatasi juu ya kitambaa, akapiga pasi, na mistari ya maua ikabaki ikimwongoza kwa sindano. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1970, maduka ya Marekani yalikuwa yakibandika tisheti picha za wanamuziki na magari huku mteja akisubiri. Kilichomwezesha mtu wa kawaida kubandika picha yake mwenyewe ni printa za rangi za nyumbani, kama DeskJet 500C ambayo HP iliitoa mwaka 1991.

Dukani karatasi hizi ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu tisheti nyingi. Ya kwanza ni ya vitambaa vyeupe. Plastiki yake haina rangi, kwa hiyo penye weupe katika picha huonekana kitambaa chenyewe. Printa za nyumbani hazina wino mweupe. Picha ya bibi anayetabasamu ikipigwa juu ya tisheti ya njano kwa karatasi hii, meno yake yatakuwa ya njano, na kilemba chake cha bluu kitaelekea kijani. Aina ya pili ni ya vitambaa vya rangi nzito. Hii ina tabaka jeupe chini ya picha, kwa hiyo rangi hubaki zilivyo hata juu ya kitambaa cheusi. Ni nene zaidi na inasikika mkononi, lakini kwa tisheti yoyote isiyo nyeupe ndiyo inayofaa, hata kama rangi ya tisheti ni hafifu.

Tofauti ya pili inahusu kugeuza picha. Karatasi ya vitambaa vyeupe hulazwa kifudifudi, hivyo mchoro lazima ugeuzwe kabla ya kuchapwa, uonekane kama unavyoonekana kwenye kioo. Karatasi ya rangi nzito hulazwa chali na haigeuzwi kabisa. Neno BABA lisipogeuzwa litajitangaza mara moja, maana herufi B itaangalia upande usio wake. MAMA ndilo linalodanganya. Herufi M na A zina sura ileile kwenye kioo, kila moja huonekana sawa, na mtu anaweza kupiga pasi mpaka mwisho ndipo aone kwamba kifuani pameandikwa AMAM. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye karatasi ya kawaida, kisha karatasi hiyo isomwe mbele ya kioo.

Printa nayo ina masharti yake. Karatasi iliyoandikwa kuwa ni ya wino isiingizwe kamwe kwenye printa ya leza wala mashine ya fotokopi. Mashine hizo huchoma unga wa rangi kwa joto kali, na plastiki ya transifa ikifika humo hulainika na kujizungusha kwenye rola. Stesheneri nyingi za mjini hutumia leza, kwa hiyo anayepeleka karatasi yake kuchapishiwa aulize kwanza. Zile printa za matangi zilizoenea siku hizi ni za wino na zinafaa. Nyingi hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka majini, unaopauka na kuvuja mapema kuliko wino wa chembechembe, na mwenye nafasi ya kuchagua achukue huo wa chembechembe.

Picha iliyopitia makundi matatu ya WhatsApp imekwisha kubanwa, na ikikuzwa kufikia upana wa kifua hutoka na ukungu. Aliyeipiga aombwe aitume upya kama dokumenti, na itafika nzima.

Tisheti bora ni ya pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na poliesta. Iwe imefuliwa, ikakauka kabisa, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha utelezi unaozuia plastiki kushika. Tisheti mpya huwa na dawa ya kiwandani inayoikakamaza, na bado haijaruka, yaani haijanywea kwa kufuliwa. Ikiruka baada ya kubandikwa, picha hairuki nayo, na matokeo yake ni mikunjo kifuani. Kwa sababu hiyo tisheti nzuri ya mtumba, ambayo imeshafuliwa mara nyingi na kumaliza kuruka, mara nyingi hufaa kuliko mpya ya bei rahisi.

Kabla ya pasi, kata. Kingo za plastiki tupu kuzunguka picha zipunguzwe, na pembe ziviringwe, kwa kuwa pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Mstatili mkubwa wa plastiki kifuani pia haupitishi jasho, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mvaaji atautambua kabla ya saa sita. Picha iliyokatwa kufuata umbo lake inapendeza na inavalika.

Sasa meza. Ubao wa kupigia pasi haufai, kwa sababu ulaini wake humeza nguvu yote. Kinachotakiwa ni meza ngumu inayofika kiunoni, isiyo na kitambaa cha plastiki, iliyotandikwa shuka la pamba lililokunjwa mara mbili. Maji yatolewe yote kwenye pasi na mvuke ufungwe. Karatasi nyingi hutaka joto la nyuzi 180 hivi, ambalo kwa pasi ya nyumbani ni kwenye alama ya pamba, ile yenye nukta tatu. Tisheti ipigwe pasi kwanza peke yake, maana pamba hubeba unyevu, hasa pwani, na unyevu huo ukigeuka mvuke chini ya picha huinyanyua. Kisha mstari wa kati utafutwe kwa kukunja tisheti bega kwa bega, na picha ianzie kama vidole vinne chini ya shingo.

Kukandamiza ni tofauti na kunyoosha nguo, na jambo hili halisisitizwi vya kutosha. Pasi haitelezeshwi huku na huku. Huwekwa, mikono miwili juu yake, mwili ukaegemea, kisha ikanyanyuliwa na kuwekwa pembeni kidogo ya pale ilipokuwa, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Pasi ya mvuke ina matundu chini, na penye tundu hapagusi, ndiyo maana kila sehemu ipitiwe mara mbili kwa kuhamisha pasi. Kingo zipewe muda zaidi kuliko katikati. Ile ya rangi nzito hubanduliwa karatasi ya nyuma kwanza, kisha hufunikwa kwa karatasi ya kuokea keki, la sivyo plastiki itang'ang'ania pasi. Pasi ya mkaa ina uzito mzuri na haina matundu chini, lakini joto lake halina kipimo. Asiye na nyingine ajaribu kwanza kwa vipande vilivyobaki alipokata, juu ya kitambaa kikuukuu.

Zipo karatasi zinazobanduliwa zikiwa za moto na nyingine mpaka zipoe, na pakiti ndiyo yenye kauli. Anza kwenye pembe moja, polepole. Plastiki ikinyanyuka pamoja na karatasi, irudishe chini na ukandamize tena.

Baada ya hapo tisheti ikae siku nzima bila kuguswa na maji. Ufuaji wetu wa mikono ndio mtihani mkubwa wa kazi hii. Kufikicha kitambaa kwa kitambaa, brashi, maji ya moto na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hupasua picha mapema. Tisheti igeuzwe ndani nje, ilowekwe kwenye maji baridi yenye povu, ikamuliwe kwa kubonyeza, ianikwe kivulini, na ikipigwa pasi iwe kwa upande wa ndani. Hata ikitunzwa hivyo, nyufa ndogo zitakuja siku moja. Mtu aliyevaa tisheti hiyo kwenye arobaini, akaikunja na kuiweka sandukuni, hatakuwa na la kulalamikia. Anayetaka sare ya kuvaa kila siku dukani atafute njia nyingine.

Picha nazo zina wenyewe. Nembo ya Simba au Yanga kwenye tisheti za kuuza inahitaji ruhusa ya klabu, hata kama zimetengenezewa sebuleni.

Idadi ikizidi kumi, hesabu ya karatasi, wino na muda huanza kumuelemea mtu wa nyumbani. Fremu hurudi kuwa nafuu kwa mchoro wa rangi moja au mbili. Kwa jezi za poliesta kuna uchapaji ambamo joto hugeuza rangi kuwa gesi inayoingia ndani ya nyuzi zenyewe, hivyo haubanduki, ila hauwezekani kwenye pamba. Na kwenye miji mikubwa siku hizi zipo mashine za DTF, zinazochapa kwenye filamu kwa wino wenye rangi nyeupe pia, kisha picha hushikishwa kwa unga wa gundi na mashine ya joto, juu ya kitambaa cha rangi yoyote. Anayekwenda huko abebe tisheti moja aliyoitengeneza nyumbani, ili fundi aone ukubwa na mahali picha inapokaa, na faili ampe lile la mwanzo, lisilogeuzwa. Kugeuza, fundi atafanya mwenyewe kama mashine yake inahitaji.