Baiskeli Mlangoni mwa Duka

Mji wa Likasi uko katika nchi ya vilima, kusini mwa Kongo, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Mpaka mwaka 1966 mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Union Minière. Leo umo katika jimbo la Haut-Katanga. Watu wake huchimba shaba na kobalti, hulima mashamba, huuza na kununua. Nao wana chombo kimoja kisichokosekana njiani asubuhi wala jioni. Vitabu hukiita baiskeli. Wao wenyewe hukiita kinga.

Kinga ni punda asiyekula majani. Hubeba unga, makala, mihogo, mbao, hata mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lakini punda akiachwa mlangoni hulia mtu akimshika. Kinga hailii. Mwizi huipanda na kwenda zake, na mwenyewe yumo dukani anahesabu pesa za sabuni.

Hasara hiyo si ndogo, na sababu yake yafaa ijulikane. Zamani mfanyakazi wa Union Minière hakwenda mbali kutafuta unga. Kampuni iliwajengea wafanyakazi kambi, ikawapa posho. Mwaka 1967 serikali iliichukua kampuni, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na desturi ya kutoa unga ikaendelea. Katika miaka ya 1990 kampuni ilidhoofika sana. Mishahara ilichelewa miezi mingi. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga waliacha kazi na kupewa malipo yao ya mwisho. Baba wengi wakaanza maisha mapya: huyu kulima, huyu kuchoma makala, huyu kuuza chumvi na mafuta kidogo kidogo. Kazi hizi zote zataka kitu cha kubebea mzigo. Kwa hiyo kinga ikiibwa mlangoni mwa duka, hakikuibwa chuma tu. Umeibwa unga wa kesho na karo ya shule ya watoto.

Sasa tazameni mtoto aliyetumwa dukani. Mama yake amempa pesa na kumwambia, “Leta unga kilo 25, chumvi na sabuni. Chukua kinga ya baba yako, nawe uirudishe.” Neno hili la mwisho ndilo zito.

Kabla ya kuondoka mtoto huyu anaminya matairi kwa dole gumba, ajue kama upepo unatosha. Anashika breki ya mbele, kisha ya nyuma. Anatazama kama kamba ipo, na mnyororo, na kufuli, na kama ufunguo umo mfukoni. Wengi husahau ufunguo nyumbani. Kufuli bila ufunguo ni mzigo bure.

Akifika dukani asikimbilie kuegesha penye nafasi ya kwanza. Mlango wa duka ni njia ya watu. Mama hutoka na mfuko wa unga kichwani na mtoto mgongoni, wala haoni kilicho miguuni pake. Kipofu hupima njia kwa fimbo yake. Fimbo hupita chini ya kinga bila kugusa kitu, naye mwenyewe hupigwa na usukani kifuani. Mwenye duka naye hapendi kuona mlango wake umezibwa, na haki ni yake. Basi jambo la kwanza ni kumwendea na kumuuliza.

“Jambo, baba.”

“Jambo sana, mwanangu.”

“Kinga niiweke wapi?”

“Iweke pale penye nguzo, nami nitaiona.”

Maneno haya machache yana faida mbili. Mtoto amepewa mahali, tena mwenye duka amejua kinga ni ya nani. Mtu mwingine akija kuishika, ataulizwa.

Kuna namna nzuri na namna mbaya ya kuegemeza kinga ukutani. Watu wengi huegemeza usukani, nao ni kosa. Usukani hugeuka, ukigeuka gurudumu la mbele hukimbia, na kinga yote huanguka, ikiukwaruza ukuta uliopakwa chokaa. Afadhali kiti ndicho kiguse ukuta, maana kiti hakigeuki. Kama kinga ina stendi ya miguu miwili, kama ilivyo desturi ya baiskeli nzito za kubebea mizigo, hapana haja ya ukuta. Stendi ya mguu mmoja husimamisha kinga tupu tu. Ikipakiwa, huinama zaidi na kulala chini.

Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kumi au wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne hivi, udongo huwa laini. Mguu wa stendi ni mdogo, na uzito wote wa kinga hukaa juu ya mahali hapo padogo. Hivyo huzama, kama kisigino cha kiatu kirefu kinavyozama matopeni, na kinga ikaanguka yenyewe bila kuguswa na mtu. Dawa yake ni jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi. Uzito huenea mahali papana, na udongo huweza kuuchukua. Tena haifai kuiweka katika mfereji mkavu ulio mbele ya maduka. Mvua ya Katanga haipigi hodi. Wakati wa jua kali nako kuna shauri: kivuli ni bora. Hewa iliyomo ndani ya mpira hupata joto na kusukuma kwa nguvu, na kiraka cha zamani ambacho gundi yake imelainika huachia.

Sasa kufuli. Mtu akifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi mwenye spana hulegeza nati mbili, akaliacha gurudumu limefungwa nguzoni na kuchukua kinga iliyobaki. Akilifunga gurudumu la nyuma bila kulishikamanisha na kitu kisichohama, mwizi huibeba kinga begani, maana baiskeli nzito ina kilo 20 hivi, na mwanamume mwenye nguvu hukimbia nayo. Basi mnyororo upite mahali patatu: katika fremu, yaani mwili wa chuma, katika gurudumu la nyuma, na katika nguzo au mti uliopandwa imara. Nguzo iwe ndefu. Nguzo fupi haifai kitu, kwa kuwa kinga huinuliwa pamoja na mnyororo wake ikatolewa kwa juu. Mti mchanga pia haufai. Utavunjwa, na mwenye mti atakuwa na kesi ya haki.

Kama nguzo haipo, na rafiki wawili wamekuja pamoja, wazifunge kinga zao mbili kwa mnyororo mmoja, fremu kwa fremu. Hakuna mtu awezaye kupanda baiskeli mbili, na anayebeba mbili zilizofungamana hutazamwa na mtaa mzima. Pampu, kengele iliyolegea na mfuko ulioning'inizwa usukanini havina kufuli; hivyo huingia dukani pamoja na mwenyewe.

Mahali penye watu wengi, kama sokoni, huenda akawapo kijana anayelinda baiskeli za watu kwa malipo kidogo. Hiyo ni kazi halali, na franka anazopewa ni chache kuliko bei ya kinga. Ila bei ipatanwe kwanza, si baadaye. Sura yake ikumbukwe. Na ufunguo asipewe kamwe. Mlinzi wa kweli hauombi.

Liko jambo moja ambalo wazee wenye akili hulifanya siku ileile wanayonunua kinga. Wanaipindua chini juu. Viwandani baiskeli hupigwa namba katika chuma chenyewe, mara nyingi chini ya mahali pedali zinapozungukia, au karibu na bomba la kiti. Namba hiyo huandikwa katika daftari la nyumbani, na karatasi ya dukani ya kununulia huwekwa pamoja nayo. Kinga nyeusi za kiwanda kimoja zafanana kama mayai. Zikipelekwa mbili kwa polisi, na watu wawili wakigombania moja, atakayesema “namfahamu punda wangu” hatashinda. Atashinda mwenye namba. Rangi mwizi aweza kuibadili kwa usiku mmoja, lakini kufuta namba iliyopigwa katika chuma huacha jeraha linaloonekana.

Unga umenunuliwa. Mfuko ni wa kilo 25, yaani wapita uzito wa kinga yenyewe. Kama ukiwekwa vibaya juu ya karia, chuma cha nyuma cha kubebea mzigo, jambo la ajabu hutokea: gurudumu la mbele huinuka hewani kama farasi mkaidi. Sababu yake ni ileile ya ubao wa watoto wa kupandishana na kushushana. Katikati ya ubao ni ekseli ya nyuma. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli, upande wa mbele hupanda. Kwa hiyo mfuko husogezwa mbele mpaka uguse kiti, nao hulazwa, hausimamishwi. Mzigo ulio juu huyumba zaidi ya mzigo ulio chini. Wakati wa kupakia, mtu mmoja ashike usukani. Na kufuli isifunguliwe mpaka mzigo umekwisha kufungwa! Watoto wengi hufungua kwanza, ndipo wanaanza kuhangaika na kamba.

Kamba iliyo bora kuliko zote haiuzwi kwa bei kubwa. Ni ukanda mrefu uliokatwa kutoka mpira wa ndani uliochakaa. Ukivutwa hurefuka, ukiachwa hukaza. Hivyo njiani, mfuko ukitikisika na unga ukishindilika, kamba hii haiwi legevu kama ya katani.

Mpira huu una habari yake, na kwa Wakongo si habari ya kuchekesha. Baiskeli ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa na Karl Drais katika Ujerumani mwaka 1817, ilikuwa ya mti, bila pedali. Mtu aliikalia na kusukuma ardhi kwa miguu. Watu wa Goma wangeijua mara moja, maana wana chukudu yao ya mbao, tena wameisimamishia sanamu mjini. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry wa Uingereza, John Kemp Starley alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa nyuma, kama za leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama wa Belfast, akatengeneza tairi la upepo. Kisha dunia yote ikataka mpira. Wakati huo Kongo ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, aliyeitawala kama mali yake mwenyewe tangu 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kuingia misituni kugema mimea itambaayo yenye utomvu. Waliopungukiwa na kipimo walipigwa, wake zao walishikwa, wengi waliuawa. Basi mpira wa baiskeli za kwanza za Ulaya ulilipiwa pia huku, na waliolipa hawakupata hata kinga moja.

Turudi Likasi. Mzigo umefungwa, stendi imeinuliwa. Mtoto haipandi kinga mlangoni mwa duka. Anaisukuma kwanza mpaka penye nafasi, mkono mmoja juu ya usukani, mwingine juu ya mfuko. Katika Kongo magari hupita upande wa kuume, na mwendesha kinga hufuata upande huohuo. Barabara itokayo Kolwezi kwenda Lubumbashi hupita malori makubwa ya shaba na kobalti, yakielekea mpaka wa Zambia. Lori la namna hiyo halisimami upesi, wala kinga yenye mzigo haisimami upesi. Kilo 25 zilizoko nyuma husukuma mbele zikisukumwa na mteremko, na mvua ikilowesha chuma cha gurudumu, breki huteleza. Mji una vilima. Penye mteremko mkali mwenye busara hushuka, akaisukuma kinga yake polepole, hata kama wenzake wanamcheka. Wachoma makala wazitoao mbali huko porini kinga zenye mifuko mirefu kuliko mtu hushuka vivyo hivyo, nao si waoga.

Nyumbani mama anaupokea mfuko, anaupima kwa mkono, anahesabu pesa zilizorudi. Maji ya bukari yamekwisha kuchemka. Baba hatazami unga kwanza. Anatazama tairi la nyuma, kisha anaminya, kisha anaitikia kwa kichwa. Jua likitua kinga hailali nje. Inaingizwa ndani, inasimamishwa karibu na mlango, usukani umegeuzwa ukutani, na mtu atakaye kutoka usiku lazima aipite kwa upande.