Somo la Leo Hulichagui

Ikifika saa kumi na mbili asubuhi hapa Lanet, Nakuru, simu yangu imeshajaa tafakari. Nyingi ni tamu: mwaka huu ni wako, adui zako wataaibika, pokea baraka zako. Huwezi kujua kama ziliandikwa Kwaresima au Pasaka, maana zinafaa siku yoyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwenye jumuiya yetu ndogo ndimi ninayeongoza kusoma Neno. Sikubaliani nazo.

Kwetu Wakatoliki somo la siku limeshapangwa. Mpango tunaoufuata ulitoka mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Jumapili huzunguka miaka mitatu: mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohane husomwa zaidi kipindi cha Pasaka. Ukitaka kujua tuko wapi, gawanya mwaka kwa 3. Isipobaki kitu, ni C. (Lakini mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, si Januari, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa katekisimu hukosea.) Siku za juma katika Kipindi cha Kawaida, somo la kwanza hupishana kati ya miaka ya witiri na ya shufwa, ila Injili hurudi ile ile kila mwaka. Sikukuu nazo zina masomo yake.

Chukua tarehe 24 Agosti, sikukuu ya Mtume Bartholomayo. Injili ni ya Yohane: Filipo anamwita Nathanaeli, ambaye mapokeo yanasema ndiye Bartholomayo, naye anauliza kama Nazareti inaweza kutoa kitu chema. Sisi wa Bonde la Ufa swali hilo tunalijua. Wewe ni wa wapi? Jina la baba yako nani? Kuna watu waliofukuzwa mashambani mwao Molo na Njoro kwa sababu ya jibu tu.

Tarehe hiyo hiyo, mwaka 2000, mwili wa Padri John Kaiser ulikutwa karibu na Morendat, upande wa barabara ya Nakuru na Naivasha, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Mmarekani huyo wa shirika la Mill Hill alikuwa amekaa na waliofurushwa makwao kule Maela hadi kambi ilipobomolewa Desemba 1994. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa kwa majina. FBI walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ikakataa, ikaamua kwamba aliuawa. Katika Injili ya siku ile Yesu anamsifu Nathanaeli kuwa ni mtu asiye na hila. Hakuna aliyelipanga somo hilo kwa ajili ya Kaiser, na ndiyo maana linauma.

Au 25 Januari, Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo. Mwaka 2008 siku hiyo ilikuta mji wetu ukiwaka moto wa fujo za baada ya uchaguzi, watu wakikimbilia uwanja wa maonyesho na magodoro kichwani. Somo linamwonyesha Saulo akielekea Damasko na barua za kuwafunga watu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alisema tumezoea kujiweka mahali pa Paulo aliyeongoka. Kwamba njiani kuna wengi wetu ambao bado tumeshika barua. Hakuna aliyemjibu.

Si kila sikukuu ni nzito hivyo. Mapema Oktoba Subukia hujaa mahujaji wanaopanda kilima na chupa za kutekea maji ya chemchemi, na huko furaha ni furaha tu. Kanisa kuu letu hapa mjini limewekwa chini ya Kristo Mfalme, sikukuu iliyoanzishwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1925. Hata hiyo, mwaka C Injili yake inamweka mfalme msalabani, kati ya wahalifu wawili.

Basi wewe unayetuma tafakari alfajiri, usiku uliotangulia fungua kalenda ya liturujia, usome somo lote, pamoja na mstari unaotamani kuuruka. Andika kuhusu mstari huo.