Kabla ya kung'oa taima ya zamani, ulizeni nani anabaki nyumbani

Baba ameingia kazini, mama yuko kwenye basi, watoto wakubwa wako shuleni. Simu za wazazi wote wawili ziko mbali na nyumba, na themostati mpya iliyofungwa ukutani inaamini kwamba hakuna mtu ndani. Inazima boila. Kumbe amebaki bibi, aliyekuja kutoka Tanga kusaidia kulea mjukuu wa miezi minne. Anajitanda kanga ya pili, anamfunika mtoto, ananyamaza. Anadhani Ulaya ndivyo ilivyo.

Huu ni mfano tu, lakini unaweza kuzikuta familia nyingi za Waswahili wanaoishi Uingereza. Huko nyumba nyingi hupashwa joto na boila ya gesi inayosukuma maji ya moto kwenye redieta za vyumbani. Kila baridi inapokaribia, wazazi hujiuliza kama umefika wakati wa kuachana na taima ya zamani na kufunga themostati ya kisasa inayoongozwa kwa simu. Kabla ya kumwita fundi, suala hili linahitaji kikao cha familia.

Vifaa viwili, kazi mbili

Taima hupanga saa za joto: liwake saa 12 asubuhi, lizimwe saa 2, liwake tena jioni watoto wakirudi. Themostati hupima joto la pale ilipo, na huisimamisha boila nyuzi zilizowekwa zikifikiwa. Kwa hiyo kuipandisha hadi nyuzi 30 hakuharakishi joto hata kidogo. Nyumba itapanda kwa mwendo uleule, kisha itapitiliza na kuunguza gesi bure.

Taima ya zamani ina usumbufu wake. Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na taima nyingi za zamani lazima zirekebishwe kwa mkono. Mzazi akisahau mwezi Machi, joto linachelewa saa nzima na watoto wanavaa sare wakitetemeka.

Themostati ya kisasa hufanya kazi zote mbili. Hujirekebisha saa yenyewe, hukubali ratiba tofauti kwa kila siku, na mzazi anayetoka shifti ya usiku anaweza kuiwasha akiwa njiani.

Je, bili itapungua?

Kifaa hakishushi bei ya gesi. Akiba inatokana na zile saa ambazo boila ilikuwa ikiwaka bila sababu. Nyumba iliyokuwa ikipashwa joto mchana kutwa bila mtu ndani itaona tofauti. Nyumba yenye mtoto mchanga na mtu wa kumlea, ambayo taima yake ilipangwa vizuri tangu zamani, huenda isione tofauti kubwa. Njia ya kujua ni kusoma mita kila Jumapili na kuandika, kabla na baada ya kubadilisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Akiba isipite kiasi. Wataalamu wa afya Uingereza wanashauri joto la ndani lisipungue nyuzi 18 wakati wa baridi, na chumba anacholala mtoto mchanga kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Nyumba ikiachwa ipoe sana, mvuke wa jikoni na wa nguo zinazoanikwa ndani hugeuka maji kwenye kuta baridi, na ukungu mweusi huota. Ukungu huo huwadhuru zaidi watoto wenye pumu.

Kabla ya kununua

Wapangaji waombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Kisha ijulikane boila ni ya aina gani. Ile inayochemsha maji papo kwa papo inahitaji kidhibiti cha joto la vyumba tu. Yenye tangi la maji ya moto inahitaji kidhibiti cha njia mbili, cha redieta na cha tangi. Maji ya tangini yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane.

Themostati nyingi za zamani za ukutani huko zina umeme wa volti 230, unaoweza kuua. Asiyeujua umeme asifungue kifuniko chake, amwite fundi umeme aliyesajiliwa. Kazi yoyote ya gesi ndani ya boila, kisheria, ni ya fundi wa Gas Safe peke yake. Wana vitambulisho, na kuomba kukiona si kumkosea fundi adabu.

Jambo jingine ni umri wa kifaa. Oktoba 2025 Google ilizikatia themostati za Nest za matoleo ya mwanzo, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2011, uwezo wa kuongozwa kwa simu. Ziliendelea kufanya kazi ukutani, kwa kuzungushwa kwa mkono. Ni vyema kuuliza dukani kampuni itakihudumia kifaa kwa miaka mingapi.

Nani ashike joto la nyumba?

Fundi akishaondoka, yanabaki maswali ya nyumbani. Neno la siri likiwa kwenye simu moja, mwenye simu hiyo ndiye anayeamua nani apate joto, hata akiwa mji mwingine. Kuzima boila kwa mbali wakati wenzako wako ndani, kwa sababu ya bili au hasira, ni kuwaonea. Baba na mama wote wawe na uwezo wa kuingia.

Na kama kuna mtu anayebaki nyumbani bila simu iliyounganishwa, ule mpangilio wa kuzima boila simu zikitoka uondolewe. Mfundisheni pia bibi namna ya kupandisha joto pale ukutani, na mwambieni wazi kwamba ana ruhusa. Wazee wengi wanaokuja ugenini huvumilia baridi ili wasiwaongezee wanao gharama. Msisubiri alalamike, maana huenda asilalamike kamwe.